Kazi ya Julai

Bomba la Bi Ntakije lilianza kuuma Jumatatu.
Si maji. Bomba lenyewe, chuma chake.
Zabibu, anayeosha migebuka, alilishika
akaruka, ndoo ikaenda upande wake,
akacheka kwanza, kisha akalia.

Nikaitwa mimi, kutoka Mwanga, na begi langu.

Kibanda kiko Kibirizi, hatua chache na ziwa,
na ziwa limepanda, siku hizi halibishi hodi.
Friza tatu. Sakafu ya saruji isiyokauka.
Ukuta unatoka jasho kama mtu wa homa.

Nikamwambia: mama, unyevu na maji
si watoto wa tumbo moja.
Hapa barazani ni unyevu,
unakuja usiku, unalamba, unaondoka.
Kule mnakomwaga ndoo ni maji,
na maji hayaulizi njia.
Waya wa huku tusiupeleke kule.

Akauliza bei ya waya bapa, ule wa kupigilia.
Ule ni wa chumba cha kulala.
Basi tuufunike kwa paipu la chuma?
Chuma na chumvi ya samaki, mama,
mwakani utazoa unga mwekundu.
Plastiki, nikasema, ile nene,
viungo vipakwe gundi, boksi lenye mpira kwenye mfuniko,
waya uingie kwa chini;
kuuingiza kwa juu ni kuyatandikia maji mkeka.

Akaguna. "Aliyefunga hii
alimaliza nusu siku."

Nikazima swichi kuu, nikapanda stuli,
nikafungua boksi la zamani.
Ndani, maji ya kikombe cha kahawa,
mifupa ya mjusi, shaba iliyoota kijani,
na utepe mweusi, mizunguko mitatu,
ncha imekunjwa kama sikio la mbuzi
ili siku ya matengenezo ufunguke bila kisu.

Tulikuwa wawili tunaokunja hivyo,
mimi na pacha wangu Bukuru,
na Bukuru yuko Mpanda mwaka wa kumi na tano.

Ilikuwa Julai. Nakumbuka vumbi,
ukuta ukigongwa unalia kama debe,
ziwa kule mbali, limelala.
Niliutazama ukuta. Sikuuliza habari za Machi.

"Vipi, fundi, umegandia huko?"
Nikasema: aliyefunga hii ni mimi.

Akanyamaza mpaka friza moja ikaanza kudondosha.
"Vifaa nitanunua," akasema.
"Ufundi nilishakulipa. Julai."

Siku tatu. Nikapigilia fimbo ya ethi
hadi nyundo ikasikia udongo wa matope.
Nikatoboa tundu dogo, paipu linapoinama,
maana hata lililofungwa hutoka jasho ndani.
Nikaweka kile kikata umeme
kinachoshituka kabla ya mtu.

Alhamisi jioni Zabibu akamwaga ndoo nne,
taa zinawaka, sakafu nzima inang'aa.
Testa ilikuwa kimya. Nikavua viatu,
nikalishika bomba.

Akanitazama usoni, si mkononi.
"Shika tena," akasema.