Kiini cha Betri

Betri ikifa, usiitupe.
Ipasue taratibu kwa nyundo, utoe kile kijiti cheusi cha katikati,
ukifute. Hiyo ndiyo kalamu yetu.

Kibanda changu cha redio, hapa Birere,
kina kuta tatu za mbao na mmoja wa lipu.
Ule wa lipu nimewaachia watoto.
Waya mmoja unatoka kwenye redio isiyo na ganda,
umefungwa kwenye msumari, mwanzo wa kila mstari.
Waya wa pili unaushika mwenyewe.
Gusa mchoro, utalia:
karibu na msumari sauti ni ya mbu,
ukienda mbali inanenepa, inakuwa ng'ombe.

Kavugho, binti wa Paluku wa chukudu,
alichora barabara ya Sake na vilima vyake vyote,
akapitisha kidole kama babake anavyoteremka
na magunia sita ya makala, bila breki.
Ukuta ukapiga ukelele
hadi tukasogea pembeni, sote, watu wazima.

Wapita njia wakasimama. Muuza salio. Askari.
Mtu mwenye kuku wawili.
Nikasema, shikaneni mikono,
umeme hauulizi mtu katoka wapi.
Walikuwa tisa, wakicheka kwa haya,
na yule wa kuku hakujua akabidhi wapi kuku.
Sauti ya watu tisa ni hafifu. Lakini ipo.

Mama Vumilia alikuja jioni, vidole vinanuka sambaza.
Akaomba kijiti. Akachora nyumba:
mlango, dirisha, paa la bati lililojikunja pembe moja.
"Iko chini ya miguu yenu," akasema. "Lava ililala juu yake."
Akashika waya. Mlango: sauti.
Dirisha: sauti.
Paa: kimya.

Nilijua sababu. Mstari ulikatika, upana wa ukucha tu,
na kazi yangu ni nini kama si kuunganisha?
Nikanyoosha kijiti, ncha ikagusa ukuta,
naye akanidaka kifundo cha mkono:
"Acha!"

Ukuta ukalia.
Umepita kwake, ukapita kwangu, ukashuka kwenye kijiti,
sauti nene, ya chini, ambayo hakuna aliyeichora.
Hakuniachia upesi.

Paa bado limekatika.
Watoto wakifika pale
huinua kidole, hupumua, huendelea.