Inchi Thelathini na Moja

Aliyeniuzia alikuwa ameshainyanyua:
springi za nyuma kaongeza majani matatu,
mbele kaweka vikombe vya chuma juu ya shokapu,
kisha hela zikamwishia kabla ya tairi.
Basi pikapu ikasimama uani kwangu Majohe
kama shangazi wa harusini aliyepandisha gauni
avuke dimbwi, akasahau kulishusha.
Miguu myembamba. Upepo unapita chini.
Watoto wa Mama Shukuru wakaiita Korongo.

Gerezani, asubuhi, Fundi Mkwizu hakusema na mimi.
Alisema na Ponsiano, dereva wangu,
kijana ambaye hata hela ya chai huniomba mimi.
"Bosi, hapa weka thelathini na moja,
gari itaonekana."

Kuonekana!
Miye nabeba mayai, trei mia mbili,
kutoka Msongola hadi Ilala.
Yai halitaki kuonekana. Lataka kufika.

Nikafungua pochi, nikatoa futikamba.
Miaka kumi na tisa nilishona sare Mtaa wa Swahili;
kamba hii imezunguka viuno vya nusu ya Kariakoo.
Nikapima kimo cha tairi kuukuu: ishirini na saba.
Nikapima ile mpya (mpya kwa jina, imeshatembea Ujapani):
thelathini na moja, kweli.

"Nne zimezidi, fundi. Lakini mbili zinakwenda juu,
zinakula nafasi ya madigadi.
Mbili tu ndizo zinainua difu.
Tairi zote milioni moja;
yaani nanunua inchi mbili, kila inchi laki tano.
Hata hariri sijawahi kuinunua kwa bei hiyo."
Mkwizu akanitazama kwa mara ya kwanza.
"Mama, ufundi ulisomea wapi?"
"Kwenye makwapa."

Maana tulipozifunga, akakata stelingi kulia mpaka mwisho,
kraa! mpira ukalamba bati.
Ponsiano akataka madigadi yakatwe.
Nikamwambia, shati likibana kwapa hukimbilii mkasi,
unatazama kwanza kama pindo lina akiba.
Lilikuwa nayo: mdomo wa bati, upana wa kidole.
Fundi akaulaza kwa ndani, nyundo na kipande cha mkaratusi,
ngo, ngo, taratibu kama apigaye pasi,
na rangi haikupasuka ila mahali pamoja
ninapopajua, na sitamwonyesha mtu.

Ndipo akanipa maonyo, sasa akisema na mimi.
Spidi mita itakudanganya,
themanini yake ni tisini na mbili.
Kuondoka kwenye taa za Tazara, gia ya kwanza itakuwa nzito.
Breki nazo zitaomba nafasi, zipe.
"Na urefu si nguvu, mama. Mbele inasindikiza tu.
Anayesukuma ni nyuma, peke yake."
Nikamjibu kwamba nyumba ya namna hiyo nimeshaishi.

Jumamosi mvua ilianza kabla ya adhana.
Dimbwi la Mvuti, lililonizamisha mara tatu mwaka jana,
tulilivuka, difu haikulowa.
Ponsiano akapiga honi, hakuna aliyekuwepo wa kumpisha.
Hatua thelathini mbele, kwenye kipandio
ambacho hata baiskeli ya mkaa hupita,
gurudumu moja la nyuma likaanza kuzunguka kivyake
kama cherehani iliyokatika uzi:
kelele nyingi, mshono hakuna.

Nikashuka. Trei zote nzima.
Vijana walikuwa wanakuja, wamekunja suruali,
wanataja bei wangali mbali.
Nikainama, nikapima tope lilipofikia kwenye mpira.
Inchi tisa na robo.
Nikaiandika kiganjani kwa kalamu ya Ponsiano,
robo nayo nikaiandika,
maana Mkwizu atabisha.