Hesabu ya Kilo

Mama yake kilo arubaini, yeye kilo nne.
Nikagawa kwa kumi. Hesabu ilikuwa safi,
ningempelekea mwalimu yeyote wa Sinaw angeniwekea vema.
Nikavuta dawa ya usingizi ndani ya bomba
hadi mstari mwembamba kama unywele,
nikamchoma pajani, Salmin kamshika,
tuchome vichipukizi vya pembe kabla havijawa pembe.

Kazi ilikwisha kabla chai haijachemka.
Usingizi haukwisha.

Ilikuwa Alhamisi. Soko likavunjika,
Hilux zikaondoka na mbuzi wamesimama nyuma kama wageni rasmi,
wanawake wa barakoa wakahesabu riali zao mara ya mwisho.
Adhana ya adhuhuri ikapita, ya alasiri ikapita,
na kitoto kile cha siku sita
kimelala juu ya gunia la pumba,
ulimi nje, ubavu ukipanda kwa kusitasita.

Nikampigia Daktari Thuwaiba, yuko Ibra.
Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja:
"Ana siku ngapi?"
Si kilo ngapi. Siku ngapi.

Akanieleza kwa Kiswahili chetu cha jikoni,
huku akitafuna kitu, tende labda:
"Mtoto si mkubwa aliyefuliwa akarudi.
Ini analo, limekaa mahali pake,
lakini ni duka lililofunguliwa jana:
rafu zimepigwa, taa zinawaka, wafanyakazi hawajafika.
Vimeng'enya vya kuikatakata dawa
huja kimoja kimoja, wiki baada ya wiki,
na figo nazo bado zinajifunza.
Dawa ikiingia haina wa kuipokea wala wa kuitoa.
Inazunguka na damu,
inarudi ubongoni kubisha mlango uleule.
Mtie joto. Mgeuze ubavu kila nusu saa.
Maziwa, mpaka aweze kumeza.
Na usimwongeze kitu."

Joto! Nje digrii arubaini na nne,
na mimi ndani nazima kiyoyozi,
namfunika kwa koti la Salmin la harusi za baridi.

Kumgeuza. Kungoja. Kumgeuza.
Katikati ya hayo akaja bibi yangu.
Nilikuwa na miaka sita aliponikalisha, hapahapa Sinaw,
akanieleza Unguja: mlango uliovunjwa Januari,
kaka yake aliyetoka na ndara asirudi.
Aliipunguza, naamini. Alinipa kijiko tu
cha ile aliyoinywa yeye kwa kata.
Nina hamsini na moja sasa
na bado inazunguka.
Husemwa maneno hukata maini.
Hakuna aliyeniambia yanavyokaa
katika ini bichi.

Alfajiri alipiga chafya.
Akasimama kwa miguu mitatu, wa nne ukakataa,
akamkojolea Salmin aliyekuwa amesinzia,
naye akamhimidi Mola kwa sauti
ambayo sijaisikia tangu aoe.

Wiki ya tisa karudi, kwato imepasuliwa na waya.
Kanenepa, ana kiburi. Nikapima kwa kilo,
kiasi kilekile kwa kila kilo,
mkono ukitetemeka kama wa mtu aliyewahi kuungua.
Sijamaliza kufunga bendeji, macho yako wazi,
ananitazama kama mwenye duka
anayemuuliza mteja wa mwisho
kama kuna kingine.

Jana mjukuu wangu Yakdhani, miaka saba,
alinikuta naosha mabomba.
"Bibi, kwetu hasa ni wapi? Na mbona tuliondoka?"
Nilimwambia kulikuwa na nyumba yenye ngazi za mbao,
na kidato cha tatu kilikuwa kikilia kila ukikikanyaga.
Akacheka. Akaigiza mlio wake, akakosea, nikamsahihisha.
"Halafu?"
Maji yalikuwa yakitiririka. Niliyafunga.
"Halafu siku nyingine."