Rudi Baada ya Dakika Tano

Viljandi, Januari. Theluji imepanda hadi dirishani.
Urve Kallaste, mlinzi wa barua za hospitali,
hana rungu wala mbwa; ana faili moja la maandishi
na chai iliyopoa tangu saa tatu.

Jana zilipiga hodi barua taka elfu kumi na moja:
urithi wa wajane wasiopata kuzaliwa,
saa za dhahabu kwa bei ya kitunguu.
Wauguzi wamechoka kufuta. Daktari Peep
amefuta, katikati ya uchafu, majibu ya damu ya mtu.

Basi Urve hakujenga ukuta.
Aliandika adabu.

Mlango unyamaze kwanza.
Mgeni akifika, seva ihesabu hadi ishirini
ndipo iseme karibu.
Aliyefundwa kwao husubiri.
Mwenye pupa humwaga maneno kabla ya salamu,
naye hukatiwa kauli papo hapo.

Halafu: taja jina lako,
tutauliza mtaani kwenu kama wanakujua hivyo.

Halafu lile alilolihifadhi saa nane usiku,
akitabasamu peke yake:
kila tusiyemjua aambiwe, kwa upole,
*Sasa hatuna nafasi. Rudi baada ya dakika tano.*
Ni uongo; nafasi ipo tele.
Lakini tapeli ana milango milioni,
hana dakika tano.
Mwenye haja hurudi.

Asubuhi ziliingia mia tatu na sita tu.
Wauguzi wakamletea keki ya mdalasini.

Siku ya nne akasoma daftari la mlango,
mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo.
Leida Vesik, kisiwani Kihnu.
Kwa wodi ya tatu, kitanda cha mumewe.
Jumatatu, hodi moja. Jumanne, moja. Jana, moja.
Seva ya shule, kuukuu, fundi wake keshazikwa;
hakuna aliyeifundisha kurudi.

Barua zenyewe hazikuvuka kizingiti.
Kilichobaki ni anwani mbili na saa.

Urve akaliandika jina la kisiwa
kwenye orodha ya wasioulizwa.
Akaiacha keki. Akainua simu.

Iliita. Ikaita.
Mtu akapokea, asiseme neno,
upepo tu na pumzi,
na Urve, midomo wazi, ana mengi ya kusema,
akangoja asalimiwe.