Mkunje Angali Moto

Mayai manne, Mama asema, si matano;
la tano ni la Bi Shekue, tulimkopa Ijumaa.
Ameketi juu ya mbuzi ya nazi,
mkono wa kulia pajani, umelala tangu Mei
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Napiga mayai na sukari hadi povu lisimame.
Unga kikombe. Kakao vijiko vitatu,
vya kula, si vya chai, we Nyevu, umesikia?
Nimesikia.
Sinia la bati ndani ya sufuria kuu, mchanga chini,
makaa juu ya kifuniko.
Tanuri la Sinyora Ornella lilikuwa na kioo, na taa ndani.
Miaka kumi na saba Mama alilisugua kule kwenye mivinje,
akarudi Muyeye na keki hii kichwani, bila karatasi.

Kwao, Sinyora alimwambia, usiku huu huchomwa gogo
ili nyumba isigande.
Mama alicheka hadi akashika meza.
Sisi Krismasi twalala barazani, shuka miguuni,
mlango wazi.

Natandaza leso yake ya kijani,
napindua sinia juu ya maandishi:
USINIPIMIE NJAA KWA KIJIKO CHAKO.
Samaki mkunje angali mbichi;
keki, asema Mama, mkunje angali moto.
Nahofia vidole. Nangoja kidogo.
Kidogo tu.

Ufa. Ncha hadi ncha,
kama ardhi ya Ganze mwezi wa pili.

Bi Shekue, aliyeleta barafu kwenye bakuli, achungulia:
"Hii mnapika au mnachanja?"

Chokoleti yayeyuka kabla sijaipaka.
Desemba ya Malindi haina adabu.
Nafukia ufa upesi upesi, kama afichaye deni.

"Lete uma."
Aushika kwa kushoto,
mkono unaomwaga hata uji,
na achora. Mstari wapinda, waruka,
warudi ulikotoka.
Miaka yote alichora gome la picha ya Sinyora, limenyooka,
la mti ambao hakuna aliyewahi kuuona hapa.
Hili la leo ni la mvinje,
ule wa njia panda
alipokuwa akivua viatu akung'ute mchanga
kabla ya kubisha lango la kazi.

Sikumwambia.

Gogo limelala kwa Bi Shekue, kwenye friji,
baina ya pweza na jagi la ukwaju,
na Mama ameuliza mara mbili
kama mlango wa friji umefungwa sawasawa.