Tufe la Mpingo, Sakafu ya Ufuta

Mjomba Nandala alilichonga kwa wiki mbili
kutoka pande la mpingo alilolipokea badala ya fedha
kwa mtu mmoja wa Ruponda.
Matundu matatu: la gumba, la kidole cha kati, la cha pete.
Nikaliinua. Zito kama mtoto anayekataa kubebwa.

"Limeharibika," akasema kabla sijauliza.
"Moyo haukukaa katikati."
Akalizungusha: weusi umeegemea upande mmoja,
upande wa pili nyama nyeupe, changa, nyepesi,
imebaki kama ganda kwenye muhogo uliomenywa kwa haraka.
"Yule mtu bado ninamdai nusu. Hili nitalichoma mkaa."

Nikasema, nipe.

Nyuma ya kinu cha Bi Ajaba, hapa Nachingwea,
ipo sakafu ya saruji, hatua ishirini na mbili.
Nusu ya kwanza imelewa ufuta:
miaka tisa mashine inatema, madumu yanavuja,
ukipita na ndala unajikuta unaomba radhi kwa ukuta.
Nusu ya pili kavu, ina chunjua;
fundi aliyeimwaga alitoweka na mifuko ya saruji.
Huko mwisho tunapanga chupa kumi zenye mchanga.

Liundi hutumia tufe la chuma, la michezo ya shule,
ambalo shule haijui kuwa imelikopesha.
Chuma hakina moyo wala pembeni, chote ni kimoja.
Linakwenda limenyooka kama barua ya serikali,
linapasua katikati,
na mara nyingi huacha chupa mbili, huku moja, kule moja,
zinatazamana kama wake wenza.

Langu nililipaka kiwi mpaka nikajiona meno.
Likateleza kwenye mafuta, vizuri,
likafika pakavu, likaendelea kuteleza,
likapita kando ya chupa bila salamu
na kulala kwenye magunia ya mashudu.

"Umelivisha hariri ukalituma shambani,"
mjomba akasema, wala hakuinua macho kwenye patasi.

Nikanunua karatasi ya msasa, ile ya ukali wote.
Nikalisugua mpaka likawa na ngozi ya kenge.
Safari hii liliing'ang'ania sakafu tangu hatua ya tano,
likapinda mapema, likamaliza nguvu zake njiani,
likafika kwenye chupa limechoka,
likaigusa moja begani.
Liundi alicheka hadi akakaa chini, kwenye mafuta.

Basi nikapanda kilimani kuchuma majani ya msasa wenyewe,
yale waliyotumia wachongaji kabla ya duka kuwa na karatasi.
Jani hukwaruza kwa adabu.
Nililisugua jioni mbili: lisimetemete, lisikwame.

Nikaliachia.
Kwenye ufuta lilikwenda kimya,
jicho jeupe likizama na kuibuka, kila mara mahali pengine,
maana ule uzito wa upande mmoja ulikuwa unatafuta pa kulala.
Nilipoliokota baadaye niliona:
mafuta yamechora pete, na si moja,
saba, nane, zimepishana kama maganda ya kitunguu.
Kila mzunguko ulikuwa umekanyaga kwa ngozi kavu.

Lakini hilo nililijua baadaye.
Wakati ule niliona tu limefika pakavu
na kukumbuka jambo.
Likakata kushoto, ghafla, kama mtu aliyeitwa jina,
likaingia kati ya chupa ya kwanza na ya pili, kwa mshazari,
na zile nyingine zikaangushana zenyewe.
Ya kumi iliyumba. Ikasimama.
Tisa.

Sasa kila Jumapili nalianika juani, juu ya bati,
litoe jasho la ufuta. Lisipotoa, linasahau kupinda.

Mjomba hajawahi kuja kutazama.
Alimtuma mtoto aniulize linakata upande gani.
Kushoto, nikasema, karibu na mwisho.
Mtoto akaenda, akarudi anahema:
"Amesema ukipita Ruponda
mwambie yule mtu deni limekwisha."