Tiketi ya Bi Evanthia

Jumanne ile mji wa Galaksidi ulikuwa bado haujaoga.
Jana yake watu walirushiana unga wa rangi,
kama wafanyavyo kila Kwaresima ikibisha hodi,
na kuta za gatini zilibaki na mabaka ya buluu,
mbwa wa mwuza samaki kageuka zambarau.
Nilifungua makumbusho saa nne,
nikafagia kizingiti, nikakaa nyuma ya meza:
tiketi yuro tano, wazee tatu, watoto bure.
Nilimngoja mtu asiyekuja.

Akaja.
Bi Evanthia, fimbo kwanza, kisha yeye,
unga mwekundu umemkalia kwenye nyusi moja.
"Yuro tatu, mama."
Akanitazama vile mtu anavyotazama bili ya maji.
"Nilipe kumwona shangazi wa mama yangu?"
Akapita.
Kanuni ya kumzuia ipo, imeandikwa.
Miguu yangu haikuisoma.

Hakutazama merikebu ndani ya chupa,
wala nanga, wala masanamu ya omo,
wale wanawake wa mbao, vifua mbele,
waliopigwa na mawimbi hadi pua zikaisha.
Hata sanduku la dawa la nahodha hakulitazama,
ambalo kila mgeni hulipiga picha
kwa sababu ya msumeno.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha tatu,
kwenye picha iliyo karibu na swichi ya taa:
mwanamke kasimama gatini,
mikono kaificha chini ya aproni,
nyuma yake milingoti imesongamana kama mianzi.
Chini, maneno niliyoyachapa mimi mwenyewe:
*Mwanamke asiyejulikana, akingoja merikebu.*

"Asiyejulikana na nani?"

Swali lile halikuwa na mlango wa nyuma.

"Huyu ni Garufalia. Na hangoji kitu.
Merikebu ile ilikuwa na hisa ishirini na nne,
nne zake, kazinunua kwa fedha za lozi.
Siku hiyo alishuka kuhesabu magunia,
maana nahodha, kaka yake,
alikuwa bingwa wa nyota na bwege wa hesabu.
Mikono kaificha kwa kuwa ana daftari.
Mpiga picha alimwambia daftari linaharibu sura."

Nikasogea.
Miaka sita nakipangusa kioo kile.
Kweli: kwenye pindo la aproni, kona ya kitu,
ngumu, nyeusi,
niliyodhani siku zote ni ugonjwa wa karatasi.

Akanyoosha kiganja bila kunitazama.
Ilani ya *Usiguse* ipo juu ya kichwa chake,
nayo pia niliichapa mimi.
Nikampa kalamu.

Aliandika polepole, herufi zinayumba
kama watu washukao mashua.
*Akingoja* akalikata mara mbili.
Juu yake: *akihesabu.*
Kioo kikabaki na alama ya kidole, nyekundu.

Mkurugenzi atakuja Ijumaa. Sijui nitamwambia nini.
Labda kwamba mgeni alikuwa mmoja,
na kwamba tulikosea
tangu siku ya ufunguzi.

Akitoka, aliweka yuro tatu juu ya meza.
"Si za Garufalia hizi," akasema.
"Ni za wale wa mbao. Watafutieni pua."

Nikakata tiketi, nikamkimbilia nayo hadi mlangoni.
Alikuwa ameshafika kwa mwuza samaki,
anamgombeza mbwa.